Makofi Yangu ya Kuitika

Alinifunga mikono kwa kitambaa cha kufutia ubao. Kilikuwa kipande cha suruali ya kaki iliyochakaa, kimejaa vumbi la chaki, na alipokaza fundo vumbi lile likaniingia puani nikapiga chafya. Darasa zima likafungua vinywa. Nilijua wanacheka kwa sababu mabega yao yalikuwa yanaruka. Kisha Mwalimu Festo akainama mpaka masharubu yake yakanikaribia usoni, akasema kitu. Akakisema tena. Mara ya tatu mate yakanirukia kwenye jicho.

Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kusoma midomo, ila ile midomo ilikuwa imefukiwa na masharubu. Niliona kama anasema "nipe." Nikawaza, nimpe nini, na mikono ameifunga yeye mwenyewe? Kitu pekee nilichokuwa nacho ni kipande cha penseli, nimekichomeka kwenye nywele juu ya sikio kama tulivyofanya wote. Nikatikisa kichwa mpaka ile penseli ikaanguka juu ya kiatu chake. Nikamtazama nikitegemea atafurahi.

Kumbe alikuwa anasema "nipo." Sema nipo. Hilo niliambiwa baadaye. Pale pale nilichokielewa ni kofi, na baada ya kofi, joto la mkojo likinishuka mguuni mpaka kwenye udongo wa darasa, watoto wa mstari wa mbele wakisogeza miguu yao.

Nimeanza na hilo nisije nikaliogopa nikilifikia. Sasa nirudi nyuma.

Dada yangu Dafroza tumemzika juzijuzi tu, maharage yakiwa yametoa maua. Ameacha mjukuu, Anjela, wa miaka saba, ambaye mama yake alikwenda kuolewa mbali na mtoto akabaki kwa bibi. Anjela hasikii kabisa, tangu kuzaliwa. Siku ya tatu ya matanga jirani mmoja, kwa moyo mzuri, akaja na mawese vuguvugu kwenye kijiko amtilie mtoto sikioni. Harufu ya yale mawese ilinifikia nikiwa uani nachambua dagaa. Nikaacha dagaa. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na magoti yananiuma, lakini kwa muda ule nilikuwa nimelala tena kwenye paja la mama yangu, shavu juu ya kitenge chake, nasubiri tone la moto.

Ninyi wa rika langu mliokulia milima hii mtakumbuka mawese yalivyokuwa dawa ya kila kitu. Mimi niliugua homa kabla sijaanza shule, homa ya siku nyingi, masikio yakatoa usaha. Mama akanitilia mawese asubuhi na jioni. Homa ilipoondoka, iliondoka na sikio la kulia lote na sikio la kushoto nusu. Lakini mimi sikujua kama nimekuwa kiziwi. Mtoto atajuaje? Nilidhani watu wameamua kuongea polepole kwa sababu nilikuwa mgonjwa, wananihurumia, na kwamba siku moja watachoka kuninong'oneza waanze kusema kama zamani. Nilisubiri. Nilikuwa namwambia mama, kwa sauti ambayo nasikia ilikuwa inatisha kuku, "Nimepona, ongeeni sasa." Mama alikuwa anageuza uso.

Sikumbuki paja la mama bila kukumbuka vidole vya Dafroza. Alinizidi mwaka na nusu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ukitaka kuniita hakuna haja ya kupiga kelele, unifinye tu. Alikuwa na mfinyo wa kuja kula, wa kukimbia mvua, na mmoja mdogo, wa kucha tu nyuma ya mkono, uliokuwa na maana ya "usijali, ninajua." Mapaja yangu yalikuwa na madoa kama ndizi iliyoiva. Mama alimkaripia, Dafroza akamjibu, "Mama, ndiyo simu yake." Na simu yenyewe wala hatukuwahi kuiona, tulisikia tu kwamba iko posta ya Kibondo.

Alicheleweshwa kuanza shule mwaka mzima ili tuanze pamoja. Hakulalamika. Tulikaa gogo moja, ubavu kwa ubavu.

Shule ilikuwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kilinikuta sikio limeshafunga. Kiha nilikuwa nacho tayari ndani, cha mama na cha uani. Kiswahili nilikiona tu, kama mtu anayetazama ngoma kwa mbali. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza mwalimu alipofungua daftari kubwa la mahudhurio na kuanza kutazama watoto mmoja mmoja, akisema kitu, na mtoto akisimama na kujibu, mimi nilielewa jambo moja tu: huyu mkubwa anatusalimia. Anamwamkia kila mtu peke yake. Niliona ana adabu sana.

Nyumbani kwetu mtoto akisalimiwa na mkubwa anainama kidogo, anakunja magoti, anapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimejikunja, ile sauti laini. Mnazijua salamu za Waha, mtu anaweza kupika ugali ukaiva hazijaisha. Basi zamu yangu ilipofika Dafroza alinifinya, nikasimama. Mwalimu ananitazama. Nikainama, nikakunja magoti, nikapiga makofi.

Darasa likacheka. Lakini mwalimu yule wa kwanza alikuwa Mwalimu Perpetua, mwenyeji wa upande wa Mabamba, mama mnene mwenye mwanya, na hakucheka. Aliweka kalamu chini, akainama pale pale alipo, akanipigia makofi naye. "Mwakeye," akasema, na hilo nililiona vizuri kwenye midomo yake maana nalijua tangu mgongoni kwa mama. Kisha akawageukia wengine. Dafroza alinisimulia maneno yake mara nyingi kiasi kwamba sasa naona kama niliyasikia mwenyewe.

"Mnacheka nini? Humu ndani mwenye adabu ni mmoja."

"Mwalimu, huyo ni kiragi," mmoja akasema, yaani bubu.

"Kiragi ni wewe, umeitwa ukasema 'nipo' kama mbuzi."

Tangu siku hiyo mimi niliitika kwa makofi, na yeye akaweka alama kwamba nipo. Mwaka mzima na zaidi. Alinikalisha mbele, upande wa kulia, sikio langu bovu ukutani. Akisoma alikuwa anakuja kusimama mbele yangu na kufungua kinywa chote, mwanya wote nje. Mimi nilijifunza herufi kwa mwanya wa Mwalimu Perpetua. Hakuna aliyemfundisha namna hiyo. Hakuwa na cheti cha kufundisha wasiosikia, na wakati ule sidhani kama kuna mtu wilaya nzima aliyekuwa nacho. Alikuwa na macho tu, na alikuwa wa huku.

Halafu akaenda kujifungua. Akaletwa Mwalimu Festo, kutoka mkoa wa mbali, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na masharubu. Hakuna aliyemwambia chochote juu yangu. Pengine na yeye hakuuliza. Akafungua lile daftari, akafika kwenye jina langu, Leokadia, akainua macho. Dafroza akanifinya. Nikasimama, nikainama, nikapiga makofi.

Mazungumzo yaliyofuata ni ya Dafroza, aliyanisimulia kwa mdomo uliopanuliwa na vidole, jioni ileile.

"Huyu ananipigia makofi, mimi ni ngoma?"

"Anakuamkia, mwalimu," Dafroza akasema.

"Nimemwita jina. Sijamwomba salamu."

"Hasikii, mwalimu."

"Hasikii, au hataki?"

"Hasikii. Ila ukimfinya anasikia."

Watoto wakacheka tena, naye akadhani ni mchezo tumeupanga kijiji kizima. Siku hiyo akaniandika sipo, huku nimesimama mbele yake. Siku ya pili hivyohivyo. Mimi kila asubuhi nazidisha adabu. Nikaona salamu yangu haimfurahishi, nikainama zaidi, nikapiga makofi mengi zaidi, kama tulivyofundishwa kwa mkubwa aliyekasirika. Sikuwa na njia nyingine. Mwisho wa juma lile ndipo aliponifunga mikono ili niitike kwa mdomo.

Nimeshawaambia ya penseli. Sikuwaambia ya Dafroza. Nilipokuwa nimesimama kwenye mkojo wangu, alitoka kwenye gogo bila kuitwa, akaja mbele, akapiga magoti, akaanza kufungua lile fundo. Vidole vikashindwa, akalifungua kwa meno. Chaki ilimjaa midomo yote, mweupe kama aliyekula unga. Alichapwa viboko vinne vya viganja kwa ajili hiyo. Njiani kurudi nyumbani alinionyesha viganja vyake, vimevimba, akajaribu kupiga makofi kama mimi, akashindwa, akacheka. Mimi nikalia. Akanipa ule mfinyo mdogo, wa kucha tu.

Kesi yangu ilisikilizwa na kamati ya shule. Nasema ilisikilizwa, mnielewe wenyewe. Baba alikuwa amekufa, kwa hiyo aliyeitwa ni baba mdogo Zakaria. Mama aliketi chini nje ya mlango, mimi kwenye mapaja yake ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo. Dafroza alisimama dirishani. Mwalimu Festo alifungua daftari akaonyesha mstari wa jina langu, alama za utoro tupu. Akauliza kama mzazi ana la kusema.

Zakaria akasema, "Huyu hata nyumbani haitiki. Unamwita aje kula, mpaka umrushie kitu."

"Basi ni mtoro wa masikio," Mwalimu Festo akasema, na wanakamati wakacheka vizuri, wakafurahi, kwa sababu ni neno zuri. Hata mimi sasa naona ni neno zuri. Ningekuwa na elimu ningelitunga mimi.

Mama alijaribu. Alisema kwa Kiha kwamba mtoto ameumwa, kwamba Mwalimu Perpetua alikuwa anamwelewa, wasubiri arudi. Zakaria akamwambia anyamaze, wanaume wanaongea. Akaweka dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi ya kuniondoa shule, kisha akalifuta ukutani kando ya mlango. Doa lile lilikaa miaka. Kila nilipopita kuchota maji nililiona.

Zakaria hakuwa na chuki na mimi, alikuwa na shamba la mahindi bondeni na ngedere walikuwa wanalimaliza. Alitaka mlinzi. Akamweka juu ya dungu mtoto ambaye hasikii majani yakitikisika. Ngedere wale walinizoea, walikuwa wanakuja nyuma yangu na kula taratibu kama wageni walioalikwa.

Mwalimu Perpetua hakurudi kwetu, walimpangia shule nyingine. Nilisubiri mwanya wake mvua mbili.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda, maana si kila kitu ni Festo. Kila siku shule ikitoka, Dafroza alishuka bondeni na kupanda dungu. Alikuja na daftari lake, nusu daftari, lilikatwa katikati ili nusu nyingine apewe mwenzake. Kwanza aliita majina. Tulikuwa wawili tu, lakini aliita wote, darasa zima, na kwa kila jina alirusha punje ya hindi bondeni. Akifika kwangu, ile punje alinirushia mimi, kwenye goti. Nikainama, dungu likatikisika, nikapiga makofi. Naye akachukua kipande cha mkaa akaweka alama kwenye nguzo ya dungu. Yupo.

Kisha akanifundisha kila alichofundishwa siku hiyo, kwa bua la nyasi juu ya ngozi ya mguu wangu, mstari mweupe unaoonekana kidogo na kupotea, ukilamba kidole unafuta. Kusoma kwangu na kuandika huku mnakokuona ni darasa la kwanza na kipande cha la pili, na kilichobaki ni bua la Dafroza. Alikuwa mkali. Nikikosea alinifinya ule wa mvua. Mara moja alimwiga Mwalimu Festo, akaweka manyoya ya hindi juu ya mdomo yakawa masharubu, akasema "nipo, sema nipo," na nikaona kweli, kwa masharubu, ni "nipe" kabisa. Tulicheka mpaka ngedere wakakimbia. Ndiyo siku pekee niliyolinda lile shamba.

Nguzo ilijaa alama chini mpaka juu. Dungu lilipooza Zakaria aliipasua kuni. Hakujua ni daftari.

Ndiyo maana nilipompeleka Anjela shule ya hapa kwetu, upande wa Murungu, baada ya matanga, sikwenda kama mtu anayekwenda mara ya kwanza. Dafroza alikuwa amemwandikisha kabla hajaugua. Mwalimu mkuu wa sasa ni kijana, simu mbili mezani, redio inaongea katiba mpya. Si mtu mbaya, alinipa kiti.

"Mama, huyu mtoto tumemwita wee, haitiki," akasema. "Shule yake si hii."

"Shule yake ni ipi?"

"Ziko, za maalumu. Uulizie wilayani."

"Wewe hujaulizia?"

Akatazama simu moja, kisha ya pili. Nikamwomba anionyeshe daftari la mahudhurio. Nilimsoma Anjela kwa kidole, mstari mzima. Mtoro. Mtoro. Mtoro. Mtoto ambaye nilimwona kila asubuhi akitoka na ufagio wake na kidumu cha maji.

Wilayani niliambiwa nirudi Jumatatu, halafu mhusika yuko semina, halafu niandike barua. Nikaandika, kwa mwandiko huuhuu. Nadhani iko huko. Aliyenisaidia hakuwa na ofisi. Ni Bi Mwajuma, mwenye duka la vitenge sokoni Kibondo, watu wake wa Tanga, mimi namletea maharage. Aliona namwonyesha Anjela kwa mikono asimame kivulini.

"Kwani huyu hasikii?"

"Hasikii."

"Na yuko nyumbani anafanya nini, dada? Mtoto wa kaka yangu yuko Kasulu, kuna darasa lao pale. Tena sasa anatugombeza kwa vidole, nyumba nzima hatupumui."

"Sikuambiwa."

"Nani akwambie? Hawa ukikaa kimya wanashukuru." Akaniandikia kwenye kipande cha boksi jina la mwalimu na namna ya kufika kutoka stendi.

Tulipanda basi la asubuhi, Anjela dirishani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Darasa lenyewe ni chumba kimoja, madawati mazima, watoto kama kumi na tano wa kila umri. Nilipoingia nilisikia harufu ya chaki, na mikono yangu ikajishika yenyewe nyuma ya mgongo. Sikuituma.

Mwalimu alikuwa binti mdogo, kapangiwa huku kutoka mbali kama Festo tu. Hakunisalimia mimi kwanza. Alichuchumaa mbele ya Anjela akamtazama, akangoja. Na Anjela, ambaye Dafroza alimlea kama tulivyolelewa, akainama, akakunja magoti, akapiga makofi yake madogo.

Nikafumba macho. Nilijua kinachofuata.

Nilipofumbua, binti yule alikuwa ameinama naye, anampigia makofi. Aliyapiga vibaya, viganja vimenyooka kama wa mjini, lakini aliyapiga. Kisha akagusa kovu dogo la Anjela juu ya nyusi, akafanya kitu kwa vidole, darasa zima likafanya hivyohivyo. Akanigeukia, akaongea akinitazama usoni, polepole.

"Hilo ndilo jina lake humu. Nikimwita nitamwita hivyo."

"Na akiitika?"

"Aitike anavyojua, mama. Mimi namwona."

Akafungua daftari, akaliandika jina, akaweka alama mbele yangu. Nilibaki mlangoni mpaka Anjela akaacha kunitafuta. Aliacha mapema kuliko nilivyotaka.

Niliporudi nilikwenda kwa Zakaria. Yuko hai, mzee sana, anakaa juani na blanketi. Nikamwinamia, nikampigia makofi, maana ni baba mdogo. Akaitika. Nikamweleza ya Anjela. Kisha nikamuuliza, karibu na sikio lake, kwa nini uliweka dole lile. Akashika sikio, akatikisa kichwa, akasema uzee umemziba, hasikii kitu. Nilikaa naye mpaka jua lilipogeuka. Alipoitwa uji, mlango wa pili, kwa sauti ya kawaida, akanyanyuka.

Kwa hiyo huyo sijui. Hasikii, au hataki.

Mwalimu Festo nimeulizia. Wananiambia amestaafu, amejenga, mtu wa watu, anaalikwa kwenye mahafali. Sitaki hela yake wala magoti yake. Nataka aje afungue lile daftari, lipo kabatini au limeliwa na mchwa, alete kalamu ileile, na kila alipoandika kwamba sipo aandike kwamba nilikuwepo, nimesimama mbele yake, na mikono yangu ilikuwa inamwitikia. Afanye hivyo na mbele ya kaburi la Dafroza, aliyekula chaki yake.

Dafroza hayupo tena wa kunifinya, kwa hiyo safari hii anayeita majina ni mimi. Daftari liko wazi mbele yangu.

Mwalimu Festo. Nimekuita. Sema nipo.